Kopo limeandikwa Matt, mbona gari linang'aa?

Wapambanaji wenzangu mnaouza modeli za magari na majahazi mtandaoni, leo tuongee rangi. Mteja anayelipia modeli iliyopakwa kwa mkono anataka ifanane na kitu chenyewe. Land Rover ya mbugani iliyokula vumbi miaka na miaka haing'ai. Ukimpelekea inayometameta kama sufuria mpya anaona kichezeo, na bei ya kichezeo ndiyo atakayokubali kulipa.

Nina mteja Arusha alikuja kwangu baada ya kuchoshwa na muuzaji mwingine. Kwenye picha aliona kijani kavu safi. Mzigo ulipofika una mabaka: milango imefifia, boneti inang'aa. Akagoma kumalizia hela. Aliponitumia picha nikajua shida iko wapi hata kabla sijauliza. Kopo halikukorogwa.

Iko hivi. Rangi ya enameli kwa asili yake inang'aa. Kinachoifanya iwe kavu ni unga laini, mara nyingi silika, unaochanganywa humo kiwandani. Ule unga unaacha uso wa rangi na mikwaruzo midogo mno ambayo jicho haliioni, kwa hiyo mwanga ukigonga unatawanyika badala ya kurudi kama kwenye kioo. Sasa kopo likikaa dukani, unga unazama na kulala chini kama tope. Ukichovya brashi juu juu, unapaka mafuta na rangi tu, unga umeuacha kwenye kopo. Na ukishatumia nusu kopo kwa mtindo huo, nusu iliyobaki nayo imeharibika uwiano.

Kutikisa hakutoshi, jamani. Hata vile vikopo vidogo vya Humbrol vya mililita 14 mimi nakoroga kwa kijiti bapa, nakwangua chini na kwenye kona, dakika tano kwa saa. Nikiinua kijiti kikaja na bonge, naendelea. Nikiwa katikati ya kupaka nakoroga tena, maana unga haukusubiri umalize kazi.

Ikiwa nzito, zimua kwa tapentaini kidogo. Ile tina kali ya mafundi wa magari usiisogeze kwenye plastiki, inaiyeyusha. Paka tabaka mbili nyembamba, siku nzima katikati yake, na usirudishe brashi palipoanza kukauka. Halafu usihukumu mapema: rangi mbichi yoyote inang'aa. Iangalie kesho yake.

Stika za namba na maandishi ndizo zinazowasumbua wengi. Zile za kulowekwa majini ukizibandika juu ya rangi kavu, hewa inabaki chini yake na zinaonyesha weupe pembeni. Paka vanishi inayong'aa kwanza, ikauke, bandika, ndipo umalizie gari zima kwa vanishi isiyong'aa. Nayo ina unga, ikoroge vilevile. Vanishi hiyo hiyo ndiyo dawa ya gari lililotoka na mabaka, huna haja ya kubandua rangi yote.

Picha piga karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni, flashi zima. Flashi inatengeneza mng'ao ambao haupo na mteja atakuuliza. Usiifute mng'ao kwa filta, maana mzigo utakuumbua ukifika.

Kuhusu kusafirisha: rangi ikishakauka juu, ndani bado inaendelea kukomaa siku kadhaa. Ukiifunga mapema kwa ile nailoni ya mapovu, inaacha alama za duara kwenye boneti. Mimi nasubiri wiki, navisha karatasi laini kwanza, nailoni juu yake. Na modeli naishika chini kwenye magurudumu, kwa sababu vidole vikisugua mara kwa mara sehemu moja, pale panaanza kung'aa.