Taa ya Onyo Ndani ya Gari la Fahari: Mlinzi Asiyepaswa Kunyamazishwa

Tangu zamani gari la fahari limekuwa alama ya cheo katika Afrika Mashariki. Watu wa eneo hili waliunda hata neno lao wenyewe, Wabenzi, kwa ajili ya wale walioonekana daima nyuma ya vioo vya Mercedes-Benz. Hapo kale gari la namna hiyo lilikuwa la waziri, la balozi au la tajiri mkubwa. Hivi leo hali imegeuka. Katika viwanja vya magari vya Nakawa, kandokando ya barabara ya Jinja, mtumishi mwenye akiba ya wastani aweza kulikuta BMW, Range Rover au Mercedes-Benz lililokwisha kutumika Japani au Uingereza, nalo likiuzwa kwa bei isiyopita sana ile ya gari la kawaida.

Si ajabu basi kwamba askari na polisi nao hulitamani. Fedha za kulinunua aghalabu hutoka katika kiinua mgongo, au katika mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo cha jeshi au Exodus cha polisi. Fedha hizo ni jasho la miaka mingi ya lindo na doria. Kwa hiyo yafaa tujiulize, kabla hazijatoka mfukoni: kwa nini gari lililosifiwa duniani kote lilipokuwa jipya, likifika Kampala huwasha taa ya manjano isiyotaka kuzimika? Je, taa hiyo ni ugonjwa wenyewe, au ni mjumbe tu?

BEI YA MTUMBA, GHARAMA YA MPYA

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: bei ya gari hushuka mwaka hata mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Gari lililokuwa la tajiri bado hula chakula cha tajiri. Anayelinunua kwa sehemu ndogo ya thamani yake ya awali hurithi gharama zote za matengenezo bila kupunguziwa chochote.

Jambo la pili ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, ilipiga marufuku magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Maana yake ni kwamba gari la miaka 11 au 12 laweza kuingia Kampala kihalali, likauzwa likiwa linang'aa. Huo ndio umri ambao mipira ya injini huanza kupasuka, nyaya hukauka, na mito ya hewa inayobeba gari badala ya springi huanza kuvuja. Mwenye kwanza alilifurahia katika miaka yake ya afya. Mwenye pili huanza naye safari ya uzee.

WALINZI WENGI KATIKA GARI MOJA

Magari ya fahari ndiyo yaliyotangulia kupokea mitambo mipya. Mwaka 1978 Mercedes-Benz ya daraja la S ilianza kupewa breki za ABS zinazozuia magurudumu kukwama, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapewa mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Mapema katika miaka ya 1990 kompyuta mbalimbali za gari hilo zikaunganishwa ili zizungumze zenyewe kwa zenyewe kwa njia ya nyaya za pamoja. Katika miaka hiyohiyo Range Rover ilianza kubebwa kwa hewa. Tangu mwaka 1996 Marekani iliyataka magari yote mapya ya abiria yawe na mtambo wa kujichunguza, wenye tundu la kuchomekea mashine ya kusoma hitilafu. Ulaya nayo ikafuata.

Kila mtambo una sensa zake, na kila sensa ni mlinzi aliyewekwa lindoni. Gari la kawaida lina walinzi wachache. Gari la fahari lina kikosi kizima. Penye walinzi wengi, kelele za hadhari nazo huwa nyingi. Kuwaka mara kwa mara kwa taa hakuthibitishi kwamba gari liliundwa vibaya. Kunathibitisha kwamba lina mambo mengi ya kuangaliwa, na kwamba kila jambo linadai fundi anayelijua.

RANGI ZA TAA NA AMRI ZAKE

Taa ya kijani au ya buluu hutoa habari tu. Taa ya manjano husema: pana kasoro, tafuta fundi mapema. Taa nyekundu husema: simama. Tofauti hii ni amri, wala si mapambo.

Taa nyekundu ya shinikizo la oili ikiwaka safarini, dereva hana budi kusimama mahali pa salama na kuzima injini mara moja, kwani injini isiyopata oili huweza kuharibika kabisa katika muda mfupi. Taa ya joto ikiwaka, asimamishe gari na asifungue kifuniko cha rejeta hadi maji yapoe, maana mvuke wake huunguza mtu vibaya. Taa ya betri huonyesha kwamba umeme hauzalishwi. Huenda mkanda umekatika, na katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Taa nyekundu ya breki isiyozimika hata breki ya mkono ikiachiliwa, huenda ikawa dalili ya upungufu wa mafuta ya breki.

Taa ya manjano yenye umbo la injini ina lugha mbili. Ikiwaka bila kupepesa, gari laweza kupelekwa kwa fundi polepole. Ikipepesa, maana yake silinda fulani haiwashi, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza chombo cha kusafisha moshi, ambacho bei yake ni kubwa. Hapo dereva apunguze mwendo na asimame mara apatapo nafasi.

KWA NINI HAIZIMIKI MJINI KAMPALA

Sababu zinazolifanya gari la fahari liwashe taa mjini humu mara nyingi ni ndogo kuliko zinavyodhaniwa. Ya kwanza ni betri dhaifu. Umeme ukipungua, kompyuta hutapatapa, na taa nne au tano huwaka kwa pamoja kana kwamba gari zima limekufa. Mwenyewe hukimbilia kununua vipuri vingi, kumbe dawa ilikuwa betri moja.

Ya pili ni mashimo, matope na maji ya mafuriko, kama yale ya Bwaise kila mvua kubwa inyeshapo. Sensa ya gurudumu ikivunjika au waya wake ukikatika, taa ya ABS huwaka, na taa ya kuzuia utelezi huifuata, kwa kuwa mitambo hiyo miwili humtegemea mlinzi mmoja.

Ya tatu ni msongamano. Magari mengi ya dizeli yaliyotoka Uingereza yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi, na kazi hiyo hudai mwendo wa kasi ya kutosha kwa muda wa dakika kadhaa bila kukatizwa. Gari linalokwenda hatua kwa hatua kutoka Wandegeya hadi katikati ya jiji, asubuhi na jioni, halipati nafasi hiyo. Masizi hujaa, taa huwaka, na nguvu za injini hupungua. Safari moja ya mwendo mzuri katika barabara kuu ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, huweza kulisafisha iwapo mwenyewe hakuchelewa.

Ya nne ni uoshaji wa magari. Chini ya viti vya mbele mna nyaya za mifuko ya hewa. Kiti kikisukumwa kwa nguvu, au maji yakimwagwa sakafuni, kiungio hulegea au huota kutu, na taa ya mfuko wa hewa huwaka hadi kirekebishwe.

Ya tano ni vipuri vya kubahatisha. Magari mengi ya Ulaya yana waya mwembamba ndani ya pedi za breki, unaotoa habari pedi zikiisha. Zikiwekwa pedi zisizo na waya huo, breki zaweza kushika vizuri, lakini taa itabaki ikiwaka. Vipuri vya kweli na vya bandia hukaa jirani katika maduka ya Kisekka na Ndeeba, na macho matupu hayatoshi kuvitenganisha.

HILA YA KUMNYAMAZISHA MLINZI

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme ofisa mmoja analipeleka gari lake gereji kwa sababu ya taa ya injini. Fundi huchomeka mashine, husoma namba ya P0171, yaani hewa imezidi mafuta, naye hubadilisha sensa ya moshi. Taa huzimika. Baada ya siku tatu hurudi. Hubadilishwa sensa nyingine, na fedha nyingine hutoka. Kumbe mpira wa kupitishia hewa ulikuwa umepasuka, na bei yake haikufika hata robo ya sensa moja. Namba ya hitilafu huonyesha mahali moshi unapofuka. Haimtaji aliyewasha moto. Fundi hodari husoma namba, kisha huanza kuchunguza. Fundi mvivu husoma namba, kisha huandika bei.

Mbaya zaidi ni yule anayemzima mlinzi kwa makusudi. Wapo wanaofuta kumbukumbu za kompyuta asubuhi ya siku ya kuuza gari. Wapo wanaong'oa balbu, au kuibandika utepe mweusi. Wapo wanaofunga kipande kidogo cha umeme penye waya wa mfuko wa hewa, ili kompyuta idhani kwamba mfuko upo, na kumbe ulikwisha kupasuka katika ajali ya zamani. Askari ajua adhabu ya kumlewesha mlinzi usiku ili ghala liibwe. Hila hii haina tofauti nayo, ila kitu kinachoibwa ni kifua na kichwa cha dereva.

MLINZI NAYE HAONI KILA KITU

Hata hivyo isidhaniwe kwamba taa zikizimika pana usalama kamili. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Baruti iliyotumika ndani yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali huweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Zaidi ya watu 20 walikufa kwa sababu hiyo huko Marekani peke yake, na kampuni hiyo iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Magari ya Toyota, Honda, BMW, Mercedes-Benz na mengineyo yaliitwa yarudishwe yarekebishwe. Kasoro hiyo haiwashi taa yoyote. Dawa yake ni kuipeleka namba ya chasisi kwa mwakilishi wa kiwanda, au kuitafuta katika tovuti ya kiwanda, na kuuliza kama gari lilikwisha kurekebishwa.

FAHARI SI UTHABITI

Ni vyema pia kutochanganya fahari na uthabiti. Katika uchunguzi wa shirika la J.D. Power uliotangazwa Marekani mwaka 2023, kuhusu magari yaliyotumika miaka mitatu, Lexus ilikuwa ya kwanza kwa matatizo 133 katika kila magari 100. Land Rover ilikuwa ya mwisho kwa matatizo 273. Yote mawili ni magari ya fahari. Kwa hiyo bei kubwa peke yake haimwambii mnunuzi lolote kuhusu taa atakazoziona.

Wasomaji wa ukurasa huu wanalo somo lao karibu zaidi. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari la BJ, likapanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Polisi wa Japani walioliona wakaagiza magari 289. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, jina linalojulikana leo katika kila kambi na kila kituo cha polisi. Sifa yake ilijengwa juu ya jambo moja: kufika, na kurudi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Anayetaka kununua na atazame dashibodi kabla ya kutazama rangi. Funguo zikizungushwa kabla injini haijawaka, taa za onyo hazina budi kuwaka zote, kisha zizimike zenyewe au injini ikiwashwa. Taa ya injini au ya mfuko wa hewa isipowaka kabisa hapo, ajue kwamba pengine mlinzi amefungwa mdomo. Aikute injini ikiwa baridi, aliendeshe gari kwa muda wa kutosha, mlimani na tambarare, kisha amwite fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, asome kompyuta. Mashine huonyesha pia kama majaribio ya ndani yamekamilika. Yasipokamilika, yamkini kumbukumbu zilifutwa karibuni. Mwisho, aweke akiba ya matengenezo kando ya bei ya kununulia. Asiye nayo hajawa tayari kulimiliki gari hilo.

Dereva wa gari la kikosi huandika kasoro kitabuni na kuripoti kabla ya safari inayofuata. Nidhamu hiyohiyo yafaa ihamie katika gari la nyumbani, linalobeba mke, watoto na mzazi mgonjwa. Mlinzi akipiga kelele usiku, ofisa haamuru anyamazishwe. Huuliza: umeona nini?