Kutoka Maandishi hadi Sauti: Nafasi ya Isimu katika Programu ya Simu ya Kusoma Kiswahili

Kuunda programu ya kusoma maandishi kwa sauti na kuisakinisha katika simu ya mkononi huhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi. Makala haya yanaonesha kwamba, kwa upande wa Kiswahili, uhandisi ndio sehemu nyepesi. Kinachoamua iwapo mtu asiyeona ataelewa kilichoandikwa ni isimu. Mfano unaotumika ni eSpeak NG, programu huria iliyotokana na eSpeak ya Jonathan Duddington, yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake na inayofanya kazi katika simu za Android.

Msimbo wa programu hiyo umeandikwa kwa lugha ya C na hupatikana bure. Muundaji huupakua kwenye kompyuta yenye Android Studio pamoja na zana za kuugeuza kuwa lugha ya mashine inayoeleweka na simu. Zao lake ni faili moja la aina ya APK, ambalo huhamishiwa kwenye simu kwa waya. Kwa kuwa halikutoka katika duka rasmi, simu hudai idhini kwanza. Tangu Android 8.0 idhini hiyo hutolewa kwa programu moja moja inayotumika kusakinishia, si kwa simu nzima. Hatimaye mtumiaji huingia katika mipangilio, sehemu ya ufikivu, na kuiteua programu mpya iwe ndiyo sauti ya simu. Pasipo hatua hii, simu huendelea kusoma kwa sauti ya awali.

Hata jina la lugha lina mtego wake. Android huiuliza programu kama inakijua Kiswahili kwa msimbo wa herufi tatu, swa. Katika kiwango cha ISO 639-3, swa ni lugha mwavuli. Chini yake zimo swh, yenye Kiswahili sanifu, na swc, Kiswahili cha Kongo. Programu inayoitikia swh pekee itahesabiwa kuwa haijui Kiswahili, ingawa imesakinishwa salama.

Kanuni za matamshi zimo katika faili mbili za maandishi ya kawaida. Faili la sw_rules hueleza jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa sauti, na sw_list huorodhesha maneno yanayokiuka kanuni. Mwanaisimu asiyejua C anaweza kuyahariri mafaili hayo. Wengi hudhani kuwa hapa kazi ni chache, kwa sababu tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kanuni hiyo moja hutosha kwa maelfu ya maneno. Lakini barabara ya magari si barabara yenye maana ya ‘sawasawa’, ambayo mkazo wake uko katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Mbuni aliye ndege huanza kwa nazali iliyoungana na kipasuo, hivyo neno lina silabi mbili. Mbuni uzaao kahawa una kiambishi m- ambacho ni silabi kamili, hivyo silabi ni tatu. Ndivyo ilivyo kwa mbaya katika ‘mtu mbaya’ na ‘nyumba mbaya’. Hakuna herufi inayoyatofautisha maneno hayo. Ni upatanisho wa kisarufi.

Ng'ombe naye ana mashaka yake. Ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni kitu kimoja machoni pa msomaji, lakini katika Unicode ni alama mbili, 0027 na 2019. Kanuni inayoijua moja tu huenda ikamtamka ng'ombe kwa sauti ya mwanzo ya ngoma.

Hatari yenyewe iko katika tarakimu. ‘Watoto 3’ ni watatu, ‘vidonge 3’ ni vitatu, ‘dawa 3’ ni tatu. Lakini 6, 7 na 9 hazipokei kiambishi cha ngeli yoyote. Programu ikisema ‘vidonge tatu’, msikilizaji atajisahihishia. Kwa saa hawezi. Simu inayoonesha 9:00 asubuhi, ikisomwa ‘saa tisa’, humpeleka msikilizaji kwenye alasiri, na aliyetakiwa kumeza dawa saa tatu asubuhi huchelewa kwa saa sita. Kutoa sita kila mahali hakusaidii, kwani mwenzake akimwandikia ‘njoo saa 3:00’ huwa tayari amehesabu Kiswahili. Programu ya sauti hupokea maandishi matupu; haijui kama yametoka katika saa ya simu au katika ujumbe wa jirani. Kwa hiyo ugeuzaji wa saa haufai kuwekwa katika sw_list. Mahali pake ni katika programu inayotuma maandishi hayo yasomwe, ambako chanzo chake kinajulikana: saa ya simu igeuzwe, na ujumbe wa mtu usomwe kama alivyouandika, isipokuwa pale ambapo ‘9:00’ imeandamana na ‘asubuhi’, kwa kuwa Mswahili hana saa tisa ya asubuhi.