Mwanga Unaochungulia Damu ya Mgongoni

Ugwe wa mgongo, yaani lile shina la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili za uti na kupeleka amri za ubongo hadi miguuni, hauvumilii kukosa damu, na ndiyo maana mzamiaji wa mtungi anayepanda upesi kutoka kina kirefu, iwe katika visiwa vya Koyama au Chula, anaweza kupooza, kwa kuwa mapovu ya nitrojeni huweza kuziba vimishipa vya damu vya ugwe huo.

Njia mojawapo ya kuichunguza damu hiyo bila kisu ni mwanga wa infraredi ulio jirani na wekundu, wenye mawimbi ya nanomita 700 hadi 900 hivi, usioonekana kwa jicho. Mvuvi anayefunika tochi kwa kiganja usiku huona vidole viking'aa wekundu. Infraredi hupenya zaidi ya wekundu huo. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo huufyonza mwanga huo kwa viwango tofauti, tofauti ambayo mwanasayansi Frans Jöbsis aliitumia mwaka 1977 kufuatilia oksijeni ya ubongo bila kupasua fuvu.

Mgongoni kazi ni ngumu zaidi, kwani mwanga mwingi unaorudi hutoka kwenye ngozi na misuli. Madaktari wa Leipzig, Ujerumani, wakaubadili ugumu huo kuwa njia: hubandika vihisio juu ya misuli iliyo kando ya uti, ambayo hushiriki na ugwe mtandao mmoja wa mishipa ya damu, ili oksijeni inapoporomoka humo wakati wa upasuaji wa mshipa mkuu utokao moyoni, ambao unaweza kuukatizia ugwe damu, wapate onyo mapema.