Waandishi wa Habari Wapenzi wa Jinsia Moja na Uundaji wa Chama cha Kitaaluma: Marekani, Uganda na Funzo kwa Mkoa wa Simiyu

Kundi la waandishi wa habari lenye maslahi mahususi hupata sauti pale linapoungana kitaaluma. Nchini Tanzania, Chama cha Wanahabari Wanawake (TAMWA), kilichoasisiwa mwaka 1987, ni kielelezo cha njia hiyo. Mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, waandishi huungana kupitia klabu ya mkoa. Makala haya yanafafanua kwa nini njia hiyo haijawa wazi kwa waandishi wapenzi wa jinsia moja.

Mfano wa awali unatoka Marekani. Mwaka 1990 Leroy Aarons, mhariri mtendaji wa gazeti la Oakland Tribune, aliwasilisha mbele ya chama cha wahariri matokeo ya uchunguzi kuhusu hali ya wapenzi wa jinsia moja katika vyumba vya habari. Katika hadhara hiyo alijitambulisha kuwa mmoja wao. Mwaka huohuo aliasisi chama kilichojulikana kama NLGJA, kilichodai usawa kazini na usahihi wa lugha katika habari. Hivyo, takwimu zilitangulia na chama kikafuata.

Nchini Uganda mwelekeo ulikuwa tofauti. Mwaka 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala, lisilo na uhusiano na jarida la Marekani, lilichapisha picha na majina ya watu likihimiza wanyongwe. Kasha Jacqueline Nabagesera, David Kato na Pepe Julian Onziema walilishtaki, na Mahakama Kuu ikaamua kuwa haki zao za utu na faragha zilikiukwa. Kato aliuawa tarehe 26 Januari 2011. Baadaye Nabagesera alianzisha jarida la Bombastic na chombo cha habari cha Kuchu Times. Hapa chombo cha habari kilitangulia, kwa kuwa chumba cha habari chenyewe kilikuwa chanzo cha hatari.

Kwa Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30. Kifungu hicho kinahusu tendo, si utambulisho. Hata hivyo, anayejitambulisha hujiweka katika tuhuma. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya Aarons, yaani kuhesabiwa, inakuwa ngumu kabla hata ya suala la usajili. Kinachobaki mikononi mwa mwandishi wa Bariadi ni maadili ya jumla ya taaluma: kuheshimu faragha na utu wa anayeandikwa. Kisa cha Kampala kinadhihirisha gharama ya kuyapuuza.