Mwali Asiyetazamwa

Msomaji wa Tanga ameniletea swali lililonikosesha usingizi. Alimshikia fundi fremu ya geti saa tisa alasiri, fundi akichomelea. Akarudi nyumbani mzima, akala, akalala. Saa sita usiku akaamka macho yanawasha kana kwamba yamemwagiwa mchanga, machozi yanamtiririka, hata mwanga wa simu haukuvumilika. Anauliza: kama ule mwanga ndio ulioniunguza, mbona sikuumia palepale?

Glavu kavu, viatu vya soli ya mpira, waya wa athi, kutochomelea penye maji: hayo yamesemwa sana, nayapita. Swali la kijana huyo wa Tanga ndilo tamu.

Kwanza jina. Ule mwanga unaowaka kati ya kijiti na chuma tuuiteje? Tafsiri ya haraka ni “tao”, lakini tao nalijua la mlango wa msikiti, nalo halimchomi mtu. Wengine husema “cheche”. Cheche ni zile punje za chuma zinazorukaruka pembeni. Mimi nashika “mwali wa umeme”. Mwali ni ulimi wa moto. Tena mwali ni msichana aliyewekwa ndani, asiyetazamwa na kila mpita njia. Neno moja limebeba moto pamoja na katazo lake.

Mwali huo una joto kupita uso wa jua, wenye nyuzi kama 5,500. Jua nalo hutoa mionzi ya urujuanimno, ila iliyo mikali zaidi huzuiwa na ozoni huko juu angani. Kati ya kijana wetu na geti hapakuwa na ozoni. Palikuwa na mita moja ya hewa.

Mionzi hiyo hutua kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho. Konea imevikwa seli tabaka tano hadi saba, unene wa tabaka hizo zote pamoja kama milimita 0.05. Lifikirie paa la makuti. Kila kuti limefungwa kwa kamba kwenye fito, na chini yake wamelala watu, yaani ncha za neva, ambazo hapo zimesongamana ajabu. Sasa mtu apande mchana azikate kamba, asiondoe hata kuti moja. Ukipita njiani utasema nyumba haina kasoro. Ndivyo mionzi ifanyavyo: huharibu vinasaba vya seli, lakini seli haifi papo hapo. Hujikagua, hujaribu kujikarabati, na ikishindwa huandaa kifo chake yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka inawaachia majirani iliokuwa imeshikana nao. Shughuli hiyo huchukua saa 6 hadi 12 hivi. Kisha upepo unavuma. Upepo ni kope: kila ukipepesa, kuti linang’oka, na waliolala chini wanalowa mvua. Kutoka saa tisa alasiri hadi saa sita usiku ni saa 9. Seli za kijana zilikwenda na ratiba yake hasa.

Na paa hili hujiezeka. Seli nzima hutambaa kutoka pembeni zikafunika pengo, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Likichelewa, au kama chembe ya chuma imeingia, ni hospitali ya macho.

Fundi alilala vizuri usiku ule kwa sababu ya kioo cha maski yake. Kioo namba 10 hupitisha kama sehemu moja tu kati ya 7,000 ya mwanga unaoonekana, na huzuia urujuanimno. Kijana alivaa miwani ya jua tu, nayo hupitisha pengine sehemu moja kati ya saba ya mwanga huo.

Mdogo wa kijana alikuwa ng’ambo ya barabara, mita 10 kutoka getini, akatazama kazi ileile na hakuumwa. Umbali ukiongezeka mara 10, mionzi hupungua mara 100. Mshika geti hana mita 10 za kurudi nyuma. Anahitaji maski ya pili, yenye kioo kama cha fundi.