Risto ya Tana River: maji ndiyo huamua nani analima, nani analisha

Muvi za cowboy tumecheki hadi tukachoka. Kule Wyoming, Marekani, mwaka wa 1892 matajiri wa ng'ombe walikodi watu wa bunduki wakaenda kuwawinda walowezi wadogo, na hadi leo watu wanatengeneza doh kwa hiyo stori. Hapa kwetu tuko na ya Tana River, na wasee wengi hupita Garsen kwa basi ya Lamu bila kuijua.

Anza na mto. Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000, kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi kule Kipini. Mvua ya huku chini ni ya kuhesabu, so kila mtu anautegemea. Wapokomo wanalima kando yake mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Mto ukifurika kiasi, unawaachia tope lenye rutuba. Waorma na Wardei ni watu wa mifugo. Kiangazi kikibana, wanashusha ng'ombe mtoni kupitia njia zinazoitwa malka. Sasa shamba likifunga malka, ama ng'ombe wakiingia kwa mpunga, hapo ni noma. Kazi ya wazee imekuwa kukaa chini na kupanga nani avune kwanza na nani anyweshe wapi.

Halafu mabeberu wakaingia. Mwaka wa 1885 Wajerumani walijitwalia Witu, hapo jirani, na 1890 wakawaachia Waingereza. Waingereza nao wakaja kufungua kambi ya Hola, wakafungia wafungwa wa Mau Mau na kutaka wachimbe mitaro ya kunyunyizia mashamba. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa walikataa kulazimishwa kazi. Askari wakawashukia na marungu, watu 11 wakauawa. Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa ati walikufa baada ya kunywa maji! Uchunguzi wa miili ukaonyesha ni kichapo, na bunge la London likawaka. Miaka minne baadaye Kenya ikapata uhuru.

Na cheki hii: melodi ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kila mara unaposimama wima, ni Tana River unaimba.

Lakini uhuru haukumaliza stori ya maji. Gava ilijenga mabwawa huko juu, Masinga likaisha 1981, na nchi ikapata stima. Huku chini, mafuriko yale ya kiasi, ambayo mkulima alikuwa anayangoja, yakapungua. Mradi mkubwa wa mpunga kwenye delta nao ulisombwa na El Niño ya 1997 na 1998. Yaani maji yakikosa ni shida, yakizidi pia ni shida, na mkulima na mfugaji wanazidi kusukumana kwenye ukingo uleule.

Mwaka wa 2012 ikalipuka. Tarehe 22 Agosti, zaidi ya watu 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yakaendelea hadi mapema 2013, na waliouawa wakapita 100. Siasa za uchaguzi zilimwaga petroli, lakini kuni zilikuwa zimepangwa kitambo.

Leo ni kaunti yenye maeneo bunge matatu, Garsen, Galole na Bura, na makao makuu yako Hola palepale. Ukisikia tena kwa habari kwamba "makabila yamepigana" Tana River, usiishie hapo. Uliza kama malka ziko wazi, na uliza maji yamefunguliwa lini kule mabwawani. Hapo ndipo utaanza kuelewa mbona majirani waliozoea kubadilishana maziwa na mahindi wanafika mahali pa kushikiana panga.