Bangi si Dawa ya Sukari

Katika vijiwe, katika masoko na katika magari yapitayo njia kuu ya kutoka Tunduma kwenda Mbeya, Makambako hata Iringa, hayakosekani maneno haya: kwamba bangi hushusha sukari ya mwilini, na kwamba mgonjwa aivutaye, au anywaye maji yake, aweza kuziacha sindano za hospitali. Maneno hayo hupendeza masikioni, kwa kuwa matibabu yana gharama na maradhi haya hayana likizo. Lakini mwenye kuyafuata aweza kuyalipa kwa roho yake. Basi twaona yatupasa kuwaeleza ndugu zetu Waislamu, wazazi na vijana, ukweli wa jambo hili.

Nyuma ya tumbo la chakula Mwenyezi Mungu ameweka kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, nayo ndiyo ifunguayo njia ili sukari itokayo katika ugali, wali na viazi vyetu iingie mwilini na kuwa nguvu. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili hauitii, sukari hurundikana katika damu. Wako wagonjwa ambao kongosho lao karibu halitoi insulini kabisa, na wengi wao huanza kuugua wangali watoto au vijana. Hao hawaishi bila sindano. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, kuugua hivyo kulikuwa ni kungojea mauti.

Sasa, bangi yafanya nini? Kitu kileweshacho kilichomo ndani yake, kiitwacho kwa kifupi THC, wataalamu walikitenga mwaka 1964. Baadaye ikajulikana kwamba mwili una vipokezi vyake, mfano wa kufuli zingojazo ufunguo: ubongoni, kwenye ini, kwenye mafuta, na hata katika kongosho. Bangi ikizifungua kufuli hizo za ubongo, mvutaji hushikwa na njaa, akala asivyopaswa kula. Wataalamu wakatengeneza dawa ya kuziba kufuli hizo, iitwayo rimonabanti. Wagonjwa wa sukari waliopewa walipungua uzito na sukari yao ikashuka. Tazameni basi: iliyosaidia ni ile iliyofanya kinyume cha bangi! Na hata hiyo, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2006, ilisimamishwa mwaka 2008 kwa sababu iliwatia baadhi ya watu huzuni kubwa na fikira za kujiua.

Huenda msomaji akauliza: uvumi huu ulitoka wapi? Umetokana na nusu ya habari. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani waliwachunguza watu 4,657, wakaona kwamba wavutao bangi walikuwa na insulini kidogo zaidi katika damu kabla ya kula, na mwili wao kana kwamba waitii vizuri zaidi. Lakini kuona mambo mawili pamoja si kujua kwamba moja limelizaa la pili. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine uliowafuata watu kwa miaka mingi ulikuta kwamba walio katika mlango wa ugonjwa wa sukari ni wengi zaidi miongoni mwa wavutaji. Mwaka 2016 huko Uingereza wagonjwa 62 walijaribiwa. Kitu kimoja cha bangi, kilichotengwa na kupimwa, kilishusha sukari kidogo, na kingine hakikuishusha. Hicho ni kitu cha maabara, wala si moshi wa kijiweni.

Na hatari iko wazi. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa jimbo la Colorado, Marekani, juu ya wagonjwa waishio kwa insulini. Watumiao bangi walikuwa na hatari kama maradufu ya kupatwa na sumu ya asidi katika damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mno, kutapika, tumbo kuuma na pumzi nzito yenye harufu ya matunda. Asiyewahishwa hospitali hufa.

Tena iko hatari ya upande wa pili. Sukari ikishuka mno, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kupotewa na maneno. Akiwa amevuta bangi, wenzake husema, "Mwacheni alale, kalewa." Kumbe anakufa! Akiwa bado aweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Ama kwa upande wa dini, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila kileweshacho ni haramu, tena ametuhimiza kujitibu. Sheikh Badruddin Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, alitunga kitabu kizima cha kuharimisha hashishi, ambayo ni bangi hiyo hiyo. Akisema mtu, "Dharura huhalalisha," twamjibu: dharura iko wapi, na dawa ya halali ipo? Na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2015 nayo yakataza kuilima, kuiuza na kuitumia.

Enyi wazazi wa Mbeya na Iringa, mtoto mwenye maradhi haya msimfiche wala msimwonee haya. Mpelekeni kliniki, mjue saa za sindano yake kama mjuavyo saa za Sala, na Ramadhani ikikaribia mwulizeni daktari kabla hajanuia kufunga, maana mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake.

Nanyi vijana, mwenzenu akiambiwa aache sindano avute jani, msinyamaze. Mshikeni mkono mumpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.